Kadi ya Kliniki Usiitupe (Sehemu ya 7)

Mama, ile kadi yako ya kliniki ya ujauzito iko wapi? Usicheke, nakuuliza kweli. Yangu nimeikuta juzi chini ya kabati, imechanika kona.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa kwa wiki 33. Presha ilipanda, mkojo una protini, miguu imevimba viatu haviingii. Nikapasuliwa usiku uleule. Baadaye presha ikashuka, mtoto akakua, nami nikasahau. Miaka tisa! Mimi muuguzi, napima watu kila siku, yangu sijaipima mpaka mwezi uliopita, tena kwa utani, mwenzangu anajaribu mashine mpya zamu ya usiku. 158 kwa 102. Tukarudia. Vilevile.

Sasa nikwambie habari ya Norwei. Kule tangu 1967 kila uzazi huandikwa kwenye rejesta moja ya taifa: wiki ngapi, presha ilikuwaje, mtoto katokaje. Walianza baada ya dawa ya thalidomaidi kulemaza watoto wengi duniani, ili balaa kama lile lisiwapite tena bila kuonekana. Vifo navyo vina rejesta yake, na kila mtu ana namba yake ya taifa. Basi watafiti wakachukua uzazi zaidi ya 600,000 wa 1967 hadi 1992, wakaunganisha rejesta hizo kwa ile namba. Hakuna mama aliyesumbuliwa kwa swali hata moja. Majibu yalitoka 2001: mama aliyepata presha ya mimba na kujifungua kabla ya wakati, hatari yake ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa mara 8 hivi ya yule asiyepata presha na aliyetimiza miezi yake.

Tulia kwanza. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache. Lakini mara 8, jamani, si ya kukalia kimya.

Na sisi tunaandika. Vitabu vya MTUHA vinatumaliza mikono, na nakiri kuna usiku nimejaza safu ya presha huku nasinzia. Ila kitabu cha wodi ya wazazi hakikutani na cha wagonjwa wa nje. Ukija miaka kumi baadaye kichwa kinauma, sina pa kufungua nikaona yaliyokupata. Anayejua ni wewe.

Kwa hiyo ukienda hospitali, hata kwa malaria, sema: "Nilipata presha ya mimba, nikajifungua mapema." Sisi mara nyingi hatuulizi, na hilo ni kosa letu. Kisha omba upimwe presha, walau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii kuumwa. Mimi sikuumwa popote.

Dawa nimeanza. Chumvi nimeiondoa mezani, baba watoto analalamika kachumbari haina ladha. Kadi nimeipiga picha, iko kwenye simu.

Wiki ijayo tutaongea kisukari cha mimba.