Pete ya Lenzi na Hatua za Miguu

Wasomaji wangu wamezoea kuniona nikijadili bajeti, katiba na uwajibikaji wa watawala. Leo naomba nizungumzie kifaa chenye uzito wa gramu 420 ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kimekuwa mwenzangu katika utafiti: lenzi ya Nikon ya milimita 18 hadi 105. Nimeiweka kabatini kwa kuwa simu sasa inabeba sehemu kubwa ya kazi yake, na naona si haki kuiaga bila kueleza ilichonifunza kuhusu siasa.

Lenzi hiyo iliingia sokoni mwaka 2008 pamoja na kamera ya D90. Mimi niliipata miaka kadhaa baadaye, ikiwa imeshatumika, nilipokuwa nikijiandaa kwenda uwandani kwa ajili ya tasnifu ya uzamivu. Haikuwa lenzi ya kujivunia. Sehemu yake inayoshikana na kamera ni ya plastiki, si ya chuma. Katika milimita 18, mistari iliyonyooka hupinda kidogo pembezoni mwa picha. Tena, kadiri unavyovuta vitu vya mbali, ndivyo mwanga unavyopungua. Ukifika milimita 105, mwanga unaoingia ni chini ya nusu ya ule wa milimita 18. Kikao cha jioni chini ya taa hafifu kilikuwa adui yake mkubwa.

Pamoja na hayo, ilinifaa. Mtafiti anayesafiri kwa bodaboda hawezi kubeba lenzi nne, wala si busara kubadilisha lenzi katikati ya vumbi. Kwa kuzungusha pete moja, niliweza kupiga picha ya uwanja mzima wa shule, kisha sahihi iliyo chini ya tangazo lililobandikwa ubaoni.

Nitoe mfano mmoja. Kisheria, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni chombo cha wakazi wote waliotimiza miaka 18, na masuala mazito, hasa ya ardhi, hupita hapo. Katika kijiji kimoja mkoani Morogoro nilihudhuria mkutano wa aina hiyo, nikasimama nyuma ya uwanja. Picha ya kwanza niliipiga kwa milimita 105: meza kuu, na mbele yake safu za watu waliobanana bega kwa bega. Ya pili niliipiga palepale nilipokuwa nimesimama, kwa milimita 18. Watu walewale walionekana kama kisiwa kidogo katikati ya uwanja mtupu, na pembeni kabisa, chini ya mwembe, walikaa wanawake mahali ambapo sauti ya mwenyekiti haikuwafikia.

Hakuna picha iliyodanganya kati ya hizo mbili. Hata hivyo, atakayeandika ripoti kwamba wananchi walishirikishwa ipasavyo ataridhika na ya kwanza, na atakayehoji akidi ataihitaji ya pili. Tangu siku hiyo sikuweza tena kutazama picha ya ushirikishwaji katika ripoti yoyote bila kujiuliza pete ya lenzi ilikuwa imesimama kwenye namba gani.

Mwanaharakati asidhani kwamba picha pana ndiyo ya haki siku zote. Mvua kubwa zinaponyesha Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi hufurika na Jangwani hujaa maji. Kwa milimita 18, utaona mto, barabara ya Morogoro na paa za nyumba: picha ya mipango miji, yenye sababu na matokeo. Kwa milimita 105, utamwona mama akianika madaftari ya mtoto juu ya kipande cha bati. Picha pana humgeuza mama huyo kuwa nukta, kama takwimu zinavyofanya. Picha ya karibu nayo huligeuza tatizo la jiji zima kuwa bahati mbaya ya familia moja; tunachanga fedha, tunapeleka godoro, na mto tunausahau. Ofisi zetu hupenda wastani, nasi wanaharakati hupenda uso wa mtu mmoja. Anayetaka kusema kweli hana budi kuwa na picha zote mbili.

Lakini funzo kubwa zaidi halimo kwenye pete. Ukisimama mahali pamoja na kuvuta, unachofanya ni kukata kipande cha kile ulichokuwa ukikiona tayari. Uwiano kati ya kilicho mbele na kilicho nyuma haubadiliki hata kidogo. Ukitaka kuubadili uwiano huo, shurti uhame mahali uliposimama.

Katika mkutano ule niliinua miguu na kwenda chini ya mwembe.

“Shikamoo, mama,” nilimsalimu mzee aliyekuwa karibu.

“Marahaba, mwanangu. Mbona watupiga kwa mbali kama ndege? Sogea uulize.”

Nilisogea, nikauliza. Kutoka pale, meza kuu ilionekana ndogo na wanawake ndio waliokuwa mbele. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba eneo lililokuwa likijadiliwa mezani ndilo walilokuwa wakilima wao. Hakuna milimita ambazo zingenipa habari hiyo.

Mama yule aligusa pia jambo la maadili. Lenzi ya kuvuta humpa mtu uwezo wa kuingia bila hodi. Leo tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kila anayekusanya picha za watu kwa kazi ya ofisi au ya utafiti inampasa aisome. Ila hodi ni kongwe kuliko sheria hiyo, na anayebisha hodi hupewa mara nyingi zaidi ya picha aliyoijia.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mnaponiletea tasnifu zilizojengwa kwa mahojiano ya simu pekee, nitaendelea kuwauliza mlikanyaga wapi. Ndugu zangu watumishi wa umma, jedwali la mkoa ni milimita 18. Lina thamani yake, lakini halimtoi mtu ofisini. Wanaharakati wenzangu, uso wenye machozi usioneshwe bila mto uliousababishia machozi hayo.

Nasi sote, msimu wa uchaguzi unapofika na kila chama kikatuletea picha ya umati wake, kabla ya kushangilia au kubeza tuulize mambo mawili: mpigapicha alisimama wapi, na nini kimeachwa nje ya picha?