Safari Yetu ya Gikondo

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea habari za safari, nami sitawachosha kwa kueleza njia yote. Kutoka Morogoro mpaka Kigali ni zaidi ya kilomita 1,200, na sehemu kubwa ya mwendo huo tuliipita tukisinzia, vichwa vikigonga vioo vya basi. Dodoma, Singida, Nzega, Kahama: kila mji ulikuwa chai, maandazi na kelele za wachuuzi dirishani. Nataka kusimulia siku ya mwisho tu, maana siku hiyo moja ilitufunza kuliko zile zilizotangulia.

Tulikuwa watatu, wote wa shule hii. Mmoja kwao ni Tanga, mmoja Karagwe, na wa tatu ni mimi. Safari ilikuwa ya yule wa Karagwe; sisi wawili tulikuwa wasindikizaji. Baba yake alikuwa dereva wa lori katika barabara hiyo hiyo, akichukua mizigo Dar es Salaam na kuipeleka Kigali. Mwaka jana aliugua, akafariki, akazikwa Karagwe. Mama yake marehemu, yaani bibi wa rafiki yetu, anakaa Gikondo, naye kwa uzee na maumivu ya miguu hakuweza kwenda mazikoni. Basi ilipofika likizo, mama wa rafiki yetu alitoa rozari ya marehemu, ile iliyokuwa ikining'inia mbele ya usukani miaka yote, akamwambia mwanawe, "Mpelekee bibi yako mkononi mwake. Usimpe mtu ampelekee."

Siku ya Ijumaa jioni tulifika Rusumo, tukavuka daraja kwa miguu. Chini yetu mto Kagera ulikuwa ukinguruma katika maporomoko yake. Ni mahali penye mambo mengi. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovuka kuingia Rwanda mwaka 1894. Hapo pia, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka katika muda wa saa 24 tu, wakikimbilia Ngara. Daraja la sasa lilifunguliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame tarehe 6 Aprili 2016. Rafiki yetu alisimama katikati akatuambia kwamba bibi yake aliuvuka mto huu mara mbili: kwanza akiwa msichana, miongoni mwa wakimbizi wa baada ya mwaka 1959, na mara ya pili alipokuwa akirudi kwao mwaka 1996. Mwanawe alibaki Karagwe, kwa kuwa alikwisha kuwa Mtanzania, mwenye mke na shamba.

Ng'ambo ya pili mambo mawili yaligeuka. Magari yalihamia mkono wa kulia, na saa zetu tukazirudisha nyuma kwa saa moja. Yule wa Tanga akacheka, akasema, "Ndugu zangu, tumepewa saa ya bure. Tuitumie kulala."

Kulipokucha tulipanda basi dogo, tukitumaini kufika Kigali kabla ya saa nne. Kumbe ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo watu wa Rwanda hutoka kufanya kazi za pamoja, na magari husimama tangu saa mbili mpaka saa tano. Basi letu lilisimama karibu na Kayonza. Abiria walishuka bila kunung'unika, nasi tukashuka. Mzee mmoja alipotusikia tukisema Kiswahili alitujia akatuamkua kwa lugha yetu, akatupa majembe mawili na chepeo. Tukazibua mtaro wa maji pamoja na watu wasiotujua. Yule wa Tanga alilalamika kidogo kwamba hakusafiri siku tatu ili aje kulima Rwanda, lakini mtaro ulipomalizika yeye ndiye aliyekuwa na matope mengi kuliko sote.

Tulipita Rwamagana na Kabuga, tukashuka Remera mchana. Mabasi ya mjini hulipwa kwa kadi, nasi hatukuwa nayo. Mama mmoja akatulipia kwa kadi yake, akapokea faranga zetu. Tukashuka Rwandex, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu.

Gikondo ni kilima chenye bonde chini yake. Zamani bonde lilijaa viwanda na karakana. Vingi vimehamishwa ili kinamasi kirudi kuwa kinamasi. Huko ndiko yaliko maghala ya forodha ya MAGERWA, ambako malori mengi ya Dar es Salaam yalikuwa yakishusha mizigo kabla ya bandari kavu ya Masaka kufunguliwa mwaka 2019. Rafiki yetu aliijua njia bila kuiona kamwe. Baba yake alikuwa amemweleza mara nyingi: ukimaliza kushusha, unanawa uso, unanunua mkate na sukari, unapanda kilima kwenda kumwamkia mama.

Basi tulipofika mahali kilima kinapoanza, rafiki yetu alisimama. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, mkono mfukoni penye rozari. "Siwezi," akasema. "Ananijua kwa picha tu. Kila mara aliposikia hodi saa kama hii, alikuwa ni baba. Leo nitabisha mimi. Nitamwambia nini?"

Yule wa Tanga akalitazama jua. Haikuwa nia mbaya; tulikuwa na njaa, na hatukujua tutalala wapi. "Twende, ndugu yangu," akasema. "Tumetoka Morogoro, tushindwe na kilima hiki?" Rafiki yetu hakujibu. Nami sikuwa na neno la kumwambia, nikatua mzigo wangu nikaketi kando yake. Baada ya kitambo yule wa Tanga naye akaketi. Pikipiki zilipita, watoto walitutazama wakaenda zao. Tulizungumza habari za mpira na za mtihani. Nadhani tulikaa karibu saa nzima, ile saa ya bure tuliyopewa Rusumo. Halafu mwenyewe akainuka, akaenda dukani kununua mkate na sukari, akasema, "Haya, twendeni."

Tulipita karibu na kanisa la Mapadre Wapallotti. Hapo tarehe 9 Aprili 1994 waliuawa watu zaidi ya 100 waliokuwa wamekimbilia nyumba ya Mungu. Tukavua kofia, tukapita kimya.

Nyumba ilikuwa ndogo, yenye mlango wa buluu. Rafiki yetu akabisha hodi. Bibi alitoka taratibu akishika ukuta, akamtazama muda mrefu, asiulize jina. "Baba yako alikuwa akibisha hivyo hivyo," akasema kwa Kiswahili cha Karagwe. Alipokea rozari kwa mikono miwili, akaipitisha vidoleni chembe moja moja, kana kwamba anazihesabu zisipungue. Kisha akatutazama sisi wawili. "Na hawa?"

"Ni ndugu zangu, bibi. Wamenileta."

"Basi ni wajukuu zangu. Ingieni, matope hayo yatafutwa. Mmekula?"

Usiku ule tulisali rozari pamoja, kwa Kiswahili, kwa maana ndivyo bibi alivyozoea kusali huko Karagwe. Tulilala kwenye jamvi chumbani kwake.

Nimekuwa nikifikiri juu ya kazi ya msindikizaji. Njiani kote tulidhani kazi yetu ni kubeba mizigo, kuhesabu nauli na kumhimiza mwenzetu. Yote hayo ni mema, lakini mtu yeyote angeweza kuyafanya. Pale chini ya kilima mwenzetu hakuhitaji kuhimizwa. Alihitaji watu wawili wakae naye mpaka miguu yake ikubali. Katika shule yetu wamo wengi wanaokaribia mwisho wa safari zao, wa mtihani, wa msiba, au wa jambo wasilolisema. Ukimwona mmoja amesimama karibu kabisa na mlango, usimwite mwoga. Tua mzigo wako, ukae naye. Atainuka mwenyewe.