Nyama Haina Mara ya Pili

Kisesa, Magu
Novemba 2025

Mpwa wangu Kulwa,

Mama yako amemaliza kulima shamba la bondeni na anakusalimu. Ameniambia umepangiwa chumba cha histopatholojia na hukufurahi, maana ulitaka maabara ya damu. Usinung'unike. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, na kabla hujazoea vibaya nikueleze inavyotaka kufanywa.

Damu ikiganda kwenye kichupa, mgonjwa huitwa tena, huchomwa sindano nyingine, akalalamika, yakaisha. Titi lililokwisha kukatwa halirudi. Kinyama kilichotolewa kwenye ubongo wa mtoto nacho si cha kuombwa upya. Mengine yote ninayokuandikia yanatokana na hilo.

Anza na fomalini. Nyama ikitengana na mwili huanza kuharibika palepale, na joto la Mwanza halina subira: sato asiyetiwa barafu unajua anavyokuwa ikifika saa nane mchana. Weka fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, na iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Huingia kwa takriban milimita moja kwa saa, tena hupunguza mwendo kadiri inavyokwenda ndani. Kwa hiyo titi zima likiachwa bila kupasuliwa, nje litakaza na katikati litaoza. Mwambie daktari alichanje siku hiyohiyo. Andika pia saa lilipotolewa na saa lilipoingia kwenye fomalini, maana vipimo vya homoni vya saratani ya titi vinataka lisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya 72.

Sampuli nyingine zitatoka Ukerewe kwa meli, nyingine Sengerema na Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Zipo zitakazokuja ndani ya chupa ya maji yenye mdomo mwembamba: nyama iliingia laini, sasa imekuwa ngumu, haitoki. Usimfokee dereva. Kata chupa, itoe taratibu, kisha mpigie aliyeituma umweleze, na ukiweza mpelekee makopo ya mdomo mpana yenye fomalini iliyokwisha kupimwa. Kazi ya maabara yako inaanzia kwenye chumba cha upasuaji cha wilaya.

Pili, jina. Wewe ni Kulwa. Nikisimama sokoni Kisesa nikaliita jina hilo watageuka watu wengi. Basi jina peke yake halimtambulishi mgonjwa. Linganisha majina yote, namba ya hospitali na umri, kwenye fomu na kwenye kopo. Lebo ikae ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kaseti na slaidi andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi na zaileni, nyama ikabaki haina mwenyewe.

Mezani iwepo kesi moja tu. Fungua, kata, funga, safisha kisu na ubao, ndipo uchukue nyingine. Kwenye mikrotomu ni vivyo hivyo. Pale unakata utando wa mikroni 3 hadi 5, na kipande cha mgonjwa wa kwanza kikibaki kinaelea kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kitapanda slaidi ya wa pili. Daktari ataona saratani kwa mtu asiye nayo. Pangusa uso wa maji kwa karatasi laini kila baada ya bloku ya nyama iliyotiwa nta.

Tatu, fomu. Ikija tupu, piga simu uulize: umri gani, nyama imetoka sehemu gani ya mwili, mgonjwa anatoka wapi. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto, kisha akaufuatilia sehemu nyingi za Afrika kwa maswali ya namna hiyo. Vinyama vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe kwenda kwa Anthony Epstein, London. Desemba 1963 ndege ilikwepa ukungu ikatua Manchester. Sampuli ikachelewa, ikafika maji yake yamechafuka. Mwingine angesema imeoza, akamwaga. Epstein alitazama tone lake kwa hadubini akakuta seli hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo. Usitupe sampuli kwa kuitazama kwa macho tu. Mwenye kuamua ni daktari bingwa.

Nawe ujitunze. Mwaka 2004 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka fomaldehidi, iliyomo ndani ya fomalini yako, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Usipoisikia tena harufu usijione hodari. Pua ndiyo imechoka. Feni ya kutoa hewa iwake, glavu ziwe mkononi, chai inywewe nje. Wembe wa mikrotomu ufunike kila unapoinuka, hata kama unakwenda kufungua mlango tu.

Mwisho, mdomo. Watu wa Kisesa wakishajua ulipo, simu zitaanza: "Kulwa, tuangalizie majibu ya shemeji." Usiyasome. Majibu hutolewa na daktari anayemtibu, kwa sababu ndiye atakayemwambia pia tiba gani inafuata. Wewe angalia kama bloku yake imekwama kwenye trei, uisogeze. Ila kagua trei yote kila asubuhi, mpwa wangu, ili na yule wa Ukerewe asiye na ndugu maabara apate majibu yake kwa wakati.

Wasalaam,
Mjomba wako