Usichague samaki kwa rangi

Mtanisamehe kwa ukimya. Nyumbani tulipata msiba ambao hauna matanga: samaki wangu tisa kati ya 13 walikufa ndani ya wiki tatu, tena mbele ya macho ya baba yangu. Leo nawapa mkasa mzima, maana najua wapo wenzangu wanaotamani kuweka tangi la samaki na mimea sebuleni. Msifanye nilichofanya mimi.

Nianze na mzee. Baba yangu ni mstaafu wa reli. Alifanya kazi za stesheni kwenye reli ya kati zaidi ya miaka 30. Mwaka juzi akapata kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyezoea kupokea treni usiku wa manane sasa anashinda kwenye kochi anatazama ukuta. Na tuseme ukweli, mimi na yeye hatukuwa na mazungumzo marefu tangu nimalize chuo nikaamua kuwa mwandishi wa habari. Yeye alitaka niwe mhasibu. Nikirudi kazini namwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi, imetoka hiyo.

Nikasema nimtafutie kitu cha kutazama badala ya ukuta. Fundi wa vioo hapa Tabora mjini akanitengenezea tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 45, kioo cha milimita 10. Linabeba maji zaidi ya lita 200. Nikaweka mchanga, mawe na mimea, nikaliacha wiki sita bila samaki ili maji yakomae. Hapo sikukosea.

Kosa lilianzia Kigoma. Nilitumwa huko kikazi, na kazi ilipokwisha nikaenda kwa jamaa mwenye kibali cha kuuza samaki wa mapambo. Wengi wetu tukisikia Ziwa Tanganyika tunawaza dagaa, migebuka na kuhe. Kumbe lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na sato, na karibu wote hawapatikani kwingine popote duniani. Wazungu wanawafuga kwenye matangi kwa miaka mingi, wakati sisi tunaoishi jirani wala hatuwajui.

Nilichagua kama mtoto kwenye duka la pipi. Nikachukua wadogo watatu weusi wenye madoa meupe kama nyota, wanaitwa Tropheus duboisi. Nikachukua wawili wakubwa wenye nundu kichwani na mistari saba mwilini, ndio frontosa wa Kigoma. Nikamalizia na wanane wembamba wenye mkia wa njano, Cyprichromis, wadogo kama kidole. Yule jamaa akaniuliza tangi lina ukubwa gani na lina nani ndani. Nikamjibu juu juu, maana treni ilikuwa inaningoja. Burton na Speke waliondoka Tabora Desemba 1857 wakaliona ziwa Februari 1858, karibu miezi miwili kwa miguu na kwa kubebwa. Mimi nililirudia pori hilohilo kwa usiku mmoja, boksi la samaki mapajani, najiona mjanja.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Majirani walikuja kushangaa. Mzee akageuziwa kochi.

Wiki ya pili nikahesabu Cyprichromis nikapata sita. Kesho yake watano. Nikamshuku paka, nikafunika tangi kwa wavu. Asubuhi wanne. Baba akawa ananyoosha mkono wa kushoto kwenye kioo akisema neno moja, "Mkubwa." Nikamwambia, "Ndiyo baba, huyo ni mkubwa," nikaondoka zangu kazini. Wadau, alikuwa ananipa habari. Mzee huamka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa frontosa anapowinda. Huko ziwani huwameza Cyprichromis muda huohuo, wakiwa bado wazito wa usingizi. Mimi ninayelipwa kusikiliza watu sikumsikiliza shahidi pekee aliyeona tukio.

Wale wenye nyota nao wakaanza vita. Duboisi hawawekwi watatu. Ni wagomvi wao kwa wao, na wakiwa wachache mbabe humwandama mnyonge mpaka amuue. Wakiwa kundi kubwa, kumi na zaidi, ugomvi hugawanyika hakuna anayeumia sana. Mmoja akafa kwa kipigo. Wawili waliobaki wakavimba tumbo wakafa. Hao ni walaji wa ukoga wa mawe, utumbo wao mrefu umeumbwa kwa majani, na mimi nilikuwa nawalisha wote unga wa dagaa. Nilidhani nawapendelea.

Siku nawatoa maiti wa mwisho nilimuuliza baba, kwa hasira tu, "Sasa baba, nimekosea wapi?" Akachukua muda mrefu kupanga maneno. Akasema, "Njia moja. Umewapa wote njia moja."

Nikakaa chini. Reli aliyoitumikia maisha yake yote ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana, moja husubiri stesheni mpaka nyingine ipite. Ukiziruhusu zote kwa pamoja, unazika watu. Kwake kuishi pamoja si suala la kupendana, ni suala la kila mmoja kupewa njia yake.

Basi tukaanza upya, safari hii wawili. Jirani mmoja alishauri frontosa nikawatupe bwawa la Igombe. Nikakataa katakata. Ziwa Victoria liliwekewa sangara miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Samaki mgeni hamwagwi kwenye maji ya watu. Nikawarudisha Kigoma kwa yule jamaa, na safari hii nikakaa kumsikiliza.

Tukagawa tangi kama ratiba ya treni. Juu na katikati ni njia ya Cyprichromis, maana huogelea kwenye maji ya wazi na hula vijidudu vinavyoelea. Wawili waliosalimika tuliwaongezea wenzao wakafika kumi. Kwenye mawe ni njia ya Julidochromis, jozi moja tu, mume na mke. Chini mchangani ni njia ya ocellatus, samaki mdogo anayeishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Dume mmoja, majike wawili, magamba manane. Wote watatu wanakula chakula cha aina moja, na hakuna anayeenea kwenye mdomo wa mwenzake.

Mimea nayo huchaguliwa kwa kufuata samaki. Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake inakaribia 9, wakati ya bomba yanayofika Tabora siku hizi yanatoka Ziwa Victoria na ni laini. Nimeweka mawe ya chokaa yayape ugumu, na maji mapya nayalaza kwenye ndoo siku mbili klorini iondoke. Nimepanda Vallisneria, majani marefu kama utepe, ambayo yanaota hata ziwani kwenyewe. Anubias nimeifunga juu ya jiwe. Usipande kitu karibu na magamba, ocellatus ni mchimbaji, atakung'olea chote. Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, kumbukeni kuwa usiku mimea nayo inavuta oksijeni. Nimenunua pampu ya betri, na sijazi tangi hata kama nafasi naiona.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa uliza maswali manne. Atakuwa na ukubwa gani akikomaa? Frontosa hupita sentimita 30. Anakula nini? Anakaa sehemu gani ya maji? Anaishi peke yake, wawili, au kundi? Rangi iwe swali la tano.

Wale tisa bado wananiuma. Walitolewa kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470 wakaja kufia sebuleni kwetu kwa sababu nilikuwa nawahi treni.

Juzi alfajiri nilimkuta baba ameegemea kioo. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu hakuishia hapo. Akaonyesha gamba moja la konokono na kuinua vidole vinne. Nikavuta kiti, tukasubiri pamoja. Kweli, vitoto vinne, vidogo kama punje za ulezi, vilikuwa mlangoni vinachungulia. Siku hiyo nilichelewa kazini.

Wewe mwenzangu unafuga nini, na umempa nani njia ya nani? Alamsiki.