Kukataa Kununua

Ukitaka kujua mtu asiye na bunduki anaweza kuifanya nini serikali, usiende mbali. Njoo Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa ninaoishi tangu nilipovuka mpaka kutoka Uvira. Barabara zake nyingi zina namba tu, na Kiswahili ndicho lugha ya dukani, msikitini na mlangoni.

Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Usumbura. Watu wa Buyenzi, wengi wao wenye asili ya Kongo na Tanganyika, waliwekwa nje ya utawala wa kimila. Mwami hakuwa na mamlaka juu yao kama aliyokuwa nayo juu ya watu wa milimani. Wageni, basi. Kama sisi.

Lakini alipotokea Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, wageni hao walisimama naye. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, ili mwenye duka mweusi naye apate nguvu. Waislamu wa Buyenzi wakawa miongoni mwa waliomuunga mkono. Baadaye, akiwa kiongozi wa UPRONA, aliwataka watu waache kununua kwenye maduka ya Wabelgiji na waache kulipa kodi. Hapo wakoloni wakashtuka. Mwishoni mwa 1960 wakamzuia asitoke nyumbani, na chama chake kikashindwa kwenye uchaguzi wa komuni.

Silaha hiyo haikuanzia kwetu. Wamarekani, kabla ya uhuru wao, walimpinga mfalme wa Uingereza vilevile. Mwaka 1765 walitozwa ushuru wa stempu na bunge ambalo hawakuwa na mjumbe wao ndani yake. Wafanyabiashara wakakataa kuagiza bidhaa za Uingereza, na mwaka uliofuata ushuru ukafutwa. Mwaka 1773 wakamwaga chai baharini kule Boston, Waingereza wakajibu kwa kuifunga bandari. Tofauti ni moja: kule walimkataa mfalme, huku mtoto wa mfalme ndiye aliyewaongoza watu kukataa.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore, waziri mkuu wa wiki mbili tu, akapigwa risasi Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Uhuru ulikuja 1 Julai 1962, yeye hayupo.

Bibi ninayepanga kwake alikuwa mtoto siku hiyo. Anachokumbuka ni kilio kutoka nyumba hadi nyumba. "Tulilia kama wafiwa, mwanangu," ananiambia, huku anachambua mchele. "Na kuna watu walikuwa wanatuita wageni."

Neno hilo huwa nalibeba kwenda nalo sokoni. Ninauza ndagala. Mwaka jana, kwenye soko moja hapa mjini, alikuja mtu wa kukusanya ushuru. Warundi aliwapa risiti, sisi Wakongomani akachukua pesa mkononi, mara mbili kwa siku. Tukauliza, akasema mkimbizi haulizi. Usiku ule tulikaa wanawake tisa, tukakubaliana: kesho hakuna anayepanga meza. Hatukupiga kelele, hatukuandika barua. Siku tatu nzima meza zetu zilikaa tupu, na wateja wakaanza kuuliza wenye ndagala wako wapi.

Siku ya nne risiti zikaja. Lakini wenzetu wawili walikuta meza zao zimepewa watu wengine, na mpaka leo wanatembeza samaki kichwani, jua kali. Kila Jumamosi tunawachangia kidogo. Sitaki kuwadanganya ninyi mlioko Musasa na Kavumu kwamba kukataa ni bure. Kuna gharama, na mara nyingi haigawanywi sawasawa. Ndiyo maana kabla ya kukataa, kubalianeni kwanza nani atamsaidia atakayeumia.

Na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, nina ombi. Mkiita mkutano na watu wasije, au mkigawa kitu na watu wasikichukue, msikimbilie kuandika kwenye ripoti kwamba jamii haina ushirikiano. Kaeni chini nao, ulizeni kwa upole: mnakataa nini? Huenda wameshasema, ila wamesema kwa njia pekee waliyo nayo.