Mlinda Mlango na Watazamaji Wake

Katika mchezo wa mpira hakuna kazi isiyo na shukrani kama ya kulinda mlango. Mshambuliaji aweza kupoteza nafasi tisa, naye akifunga ya kumi watu hutoka uwanjani wakiliimba jina lake. Mlinda mlango akizuia tisa na kupitwa na la kumi, huulizwa habari ya hilo la kumi mpaka uzeeni. Kwa sababu hiyo nimeona vema kueleza habari ya mlinda mlango mmoja, Juma Kaseja, na habari ya watu waliompenda, wakamchoka, kisha wakampenda upya alipokwisha kuhesabiwa kuwa wa zamani. Juu ya ufundi wake wapo wawezao kusema kuliko mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Nitasema zaidi juu yetu sisi tuliomtazama, hasa tuliomtazama kutoka Mpanda, mji ulio mbali na kila uwanja aliopatia sifa.

Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi liachalo njia kuu ya Kigoma pale Kaliua lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa kwetu, na hata baada ya mgodi kufungwa treni iliendelea kuja, ikileta watu na bidhaa na magazeti yaliyokwisha kuchakaa kwa kusomwa njiani. Mpaka Machi 2012 tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Tangu hapo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mtu wa Mpanda huzaliwa, huoa na huzeeka akiwa wa Simba au wa Yanga, na yawezekana asiione timu yake kwa macho hata mara moja. Aijua kwa sauti. Zamani ilikuwa sauti ya redio, na mtangazaji ndiye aliyekuwa macho yetu. Akisema mpira umepita karibu na mwamba, sisi tuliuona umepita karibu na mwamba.

Ni kwa sauti hiyo tulimpokea Kaseja mwaka 2003, Simba ilipokwenda Cairo kurudiana na Zamalek, waliokuwa wakilitetea taji la Afrika walilolitwaa mwaka uliotangulia. Simba ilikuwa imeshinda 1–0 nyumbani. Huko ikafungwa 1–0, mambo yakaamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na Simba ikapita. Golini alikuwa kijana mzaliwa wa Kigoma, wa mwaka 1985. Nilikuwa Mpanda wakati huo, kijana wa makamo yake, nami nakumbuka kwamba furaha ya nyumba yetu ilikuwa na jambo ndani yake ambalo halikuwa la Simba wala la Yanga. Sisi wa magharibi Kigoma si ugeni kwetu. Ziwa ni moja, dagaa ni wale wale, na swali waulizwalo watu wa mwambao ule wafikapo Dar es Salaam halibadiliki: je, wewe ni Mtanzania kweli, au ulivuka? Sasa alikuwapo mmoja ambaye nchi nzima ilimtaja kwa jina lake bila ya kumuuliza alikovukia.

Yaliyofuata yajulikana, na sitayakawilia. Alikwenda Yanga, akarudi Simba, na mwaka 2013 Simba ikaachana naye. Kabla ya mwaka kwisha akawa Yanga tena. Kwa mashabiki wetu hakuna safari ndefu kama hiyo ya kutoka mtaa wa Msimbazi kwenda Jangwani, ingawa kwa miguu ni mwendo mfupi. Mpanda palikuwa na fundi cherehani, mzee wa makamo, Simba wa kufa, aliyeapa mbele ya wateja kwamba jina lile halitatajwa tena barazani pake. Aliyelitaja aliambiwa nguo yake haijawa tayari. Baadaye Kaseja alicheza Mbeya City, kisha Kagera Sugar, kisha KMC ya Kinondoni, nalo jina likatoka midomoni polepole, kama watokavyo watu waliohama mtaa.

Hapa nataka kusimama kidogo niseme habari ya ngoma, maana inafanana. Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao, hasa upande wa Mpimbwe, walikuja na mashindano yao ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi na manju wake, na watazamaji wana uhuru wa kwenda huku na huku. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Miguu ya watazamaji ndiyo kura. Manju mzee, ambaye kwa miaka mingi watu walimzunguka hata vumbi likaficha wachezaji, huona siku moja duara lake linapungua. Migongo ndiyo anayoiona sasa. Haendi kumshika mtu nguo ili abaki. Huendelea kuimba. Nimemwona mmoja akiimba hivyo, na katika watu kama ishirini waliobaki hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akimhurumia. Walikuwa wakimsikiliza, kwa kuwa walijua wimbo wake umetoka wapi na umepita wapi. Wale waliokimbilia upande wa pili walisikia ngoma kubwa zaidi, lakini sidhani kwamba walisikia mengi zaidi.

Mwaka 2019 Taifa Stars ilikwenda Misri katika fainali za Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1980, ikafungwa michezo yote mitatu. Kocha Emmanuel Amunike akaondoka, na timu akakabidhiwa Etienne Ndayiragije, Mrundi, aliyekuwa amewahi kumfundisha Kaseja pale KMC. Naye akamwita. Kaseja alikuwa na miaka 34. Mpanda tulicheka. Nilikuwa huko kwa likizo, na nilisikia watu wazima wakiulizana kama vijana wamekwisha nchini. Tarehe 4 Agosti, Kasarani, Nairobi, Tanzania na Kenya walimaliza bila bao kama walivyomaliza Dar es Salaam, wakapigiana penalti, Tanzania ikashinda 4–1, na golini alikuwa yeye. Kicheko kikapungua, ingawa hakikwisha.

Kilikwisha Jumapili ya tarehe 8 Septemba. Siku hiyo Tanzania ilirudiana na Burundi katika kuwania Kombe la Dunia, kwenye Uwanja wa Taifa ulioitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tangu mwaka uliofuata. Mchezo wa kwanza kule Bujumbura ulikuwa 1–1. Mimi nilikuwa katika kibanda umiza kimoja karibu na soko la Mpanda. Msomaji asiyekijua kibanda umiza afikirie chumba cha mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, runinga moja juu ya meza, na watu mara tatu ya wale ambao mwenye nyumba aliwafikiria. Umeme wa mji mwaka ule ulikuwa bado wa mitambo ya dizeli, nasi tuliuogopa kuliko tulivyowaogopa Warundi.

Lakini kusema "Warundi" katika chumba kile hakukuwa jambo jepesi. Si mbali na Mpanda, reli ipitapo, ndipo yalipo makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Zaidi ya watu 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania, na wengi walianza kuzipata hati zao mwishoni mwa mwaka 2014. Wana wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wanauza mahindi na mihogo katika soko letu. Benchi la mbele yangu alikaa kijana mmoja wa Katumba, ambaye mwenye kibanda alimjua kwa jina. Bao la Tanzania la Samatta lilipoingia alisimama kama sisi sote. Burundi iliposawazisha aliketi kimya kama sisi sote, isipokuwa yeye aligeukiwa na nyuso kadhaa zilizotaka kuona ameketi namna gani.

Ikawa 1–1 tena, hata baada ya dakika za nyongeza. Penalti. Kamera ikamwonyesha Kaseja akienda golini kwa mwendo wa mtu aendaye shambani asubuhi, bila haraka. Ndipo nikasikia jina likitajwa kwa mara ya kwanza siku ile, si kwa kelele, bali kwa sauti ya chini iliyopita benchi hadi benchi: Juma. Juma. Nyuma yangu palikuwa na mtu aliyelisema kuliko wengine. Nikageuka, nikamwona fundi cherehani.

Burundi walipiga mitatu, na hakuna hata mmoja ulioingia. Tanzania walipiga mitatu, yote ikaingia. Kibanda kilipopumua, mzee mmoja alimwuliza yule kijana wa Katumba, nusu kwa mzaha, "Haya, mwanangu, wewe leo umeshinda au umefiwa?"

Kijana akajibu kwa heshima, "Shikamoo, mzee. Kipa ni wetu, na kocha wetu ni Mrundi. Hao waliokosa ni wajomba zangu. Leo nafurahi, kesho nitawapigia simu niwape pole."

Watu wakacheka, na mzee akaitikia marahaba na kumsogezea nafasi, ingawa mchezo ulikuwa umekwisha na hapakuwa na haja ya nafasi. Nimelifikiri jibu lile mara nyingi. Kipa ni wetu, alisema. Na kipa huyo ni mtu wa Kigoma, kwenye watu ambao uraia wao huulizwa kama unavyoulizwa wa Katumba. Wala hakusema neno juu ya umri wake.

Wengine waliusema sana. Kesho yake barazani watu wa miaka arobaini na zaidi walitembea kama kwamba ni wao waliodaka. "Wazee tumo!" walisema, na wengine ni watu ambao hawajapiga mpira tangu shule ya msingi. Furaha hiyo siikatai, lakini nina shaka nayo kidogo, kwa maana inamfanya mchezaji kuwa kioo cha kujitazamia. Kaseja hakwenda golini ili kuwafariji watu wa makamo. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Tangu mguu uguse mpira mpaka ufike mstarini haipiti nusu sekunde, na asubiriye kuona mpira unakwenda wapi amekwisha kuchelewa. Tena katikati ya mwaka ule ule wa 2019 sheria ilikuwa imebadilishwa, ikimtaka mlinda mlango awe walau na mguu mmoja juu ya mstari mpigaji anapopiga. Kwa hiyo hana budi kusoma kabla: nyonga ya mpigaji imeelekea wapi, mguu usiopiga umekanyaga vipi, macho yake yanakwepa kona gani. Elimu hiyo haina kitabu. Hupatikana kwa kupitwa mara nyingi na kukumbuka kila mara ulivyopitwa. Kijana wa Cairo alikuwa na miguu. Mtu wa miaka 34 alikuwa na kumbukumbu ya mabao yote aliyolaumiwa.

Ndiyo maana walinda mlango wazee si ajabu kama watu wadhanivyo. Dino Zoff alikuwa na miaka 40 alipolipokea Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia mwaka 1982. Essam El Hadary wa Misri aliingia uwanjani Volgograd tarehe 25 Juni 2018 akiwa na miaka 45, akaokoa penalti ya Saudi Arabia, na bado Misri ikafungwa 2–1. Mfano huu wa mwisho naupenda kuliko ule wa kwanza. Zoff alishangiliwa na washindi, jambo lisilo na gharama. El Hadary alishangiliwa na watu walioshindwa, ambao hawakuwa na faida nyingine ya kuupata mchezo ule ila kwamba walimwona. Je, sisi tungemwimba Juma kama mikwaju mitatu ya Burundi ingeingia? Nadhani yule kijana wa Katumba angemwimba. Juu ya wengine siwezi kuapa.

Kaseja baadaye aliacha kucheza, akageukia kufundisha walinda mlango, na vijana waliozaliwa baada ya Cairo wakajifunza kwake. Mimi nilipita tena Mpanda, nikampelekea fundi suruali ya kupunguza. Barazani pake jina lilikuwa huru sasa, likitajwa na kila mtu. Nikamwuliza, "Mzee wangu, kiapo chako kilikwenda wapi?"

"Yule nilimsamehe, mwalimu," akasema, akitia uzi sindanoni.

"Alikukosea nini?"

"Alituacha."

"Simba ndiyo iliyomwacha, mzee."

Akanyamaza. Akaitoa miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena. "Basi," akasema, "nilimsamehe nani?" Akacheka sana, akaniambia suruali nije niichukue Alhamisi.