Munanila: Wekundu Kabla ya Mvua
Wajapani hupanda milimani kutazama majani yakigeuka mekundu kabla hayajapukutika. Mimi na mume wangu tulitoka Kasulu alfajiri moja ya Septemba, kuelekea Munanila, karibu na mpaka wa Burundi, na huku mambo ni kinyume: miyombo huwa myekundu inapochipua! Mvua bado, ardhi imekauka kau, lakini miti inatumia maji iliyojiwekea, inavaa rangi ya shaba. We acha tu!

Tatizo ni mkaa. Kuna vilima tulikuta visiki vitupu. Mume wangu, ambaye tulikuwa tumenuniana wiki nzima, akasimamisha gari: "Mama watoto, tununue jiko la gesi." Nikacheka.

Nendeni mapema, mvua zikishika, yote yameshakuwa kijani.